Sura ya Sita: Ngozi ya Kimondo

Mgeni anayefika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, hukishika kimondo kwanza ndipo aulize. Mkono huenda wenyewe. Asubuhi chuma ni cha baridi, adhuhuri kinachoma. Rangi yake ni hudhurungi iliyokolea, kama jembe lililosahauliwa nje masika mazima. Kiganja kikianza kutembea hukuta mabonde mapana yasiyo na kina, kingo zilizolainika, mwisho mmoja wenye meno meno, na juu pengo ambalo kuta zake zimenyooka mno kuwa kazi ya maumbile. Hapo ndipo swali linapomtoka: nani ameyafanya haya?

Wengi hujijibu wenyewe kwamba ni anga. Kimondo kilitoka juu kikiwaka, basi makovu yake yote yalitoka huko huko. Sura hii inalikataa jibu hilo. Kimondo kilichokaa ardhini muda mrefu ni kama kanga ya bibi iliyovaliwa miaka thelathini. Pindo na jina vilitoka kiwandani. Kufifia kumeletwa na jua na maji. Viraka vimeshonwa kwa mkono. Anayetaka kujua kanga ile ilikuwaje siku iliponunuliwa hana budi kuyatenganisha hayo matatu kwanza. Na anayetaka kujua maisha ya bibi, basi kufifia na viraka ndivyo vitakavyomsimulia.

Tani 16 kilimani Marengi

Kimondo cha Mbozi hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Urefu wake unazidi mita 3, na kimo chake ni kama mita 1. Karibu asilimia 90 ya uzito huo ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli. Kidogo kinachobaki ni vitu kama fosforasi, shaba na salfa. Katika orodha za kimataifa kimeandikwa kwa tahajia ya zamani, Mbosi, nacho hakimo katika kundi lolote kubwa la vimondo vya chuma. Kemia yake ni ya peke yake, na ndani ya chuma chake mna punje za madini ya silikati ambazo watafiti walizieleza mwaka 1996 kuwa hazijapata kuonekana kwingine.

Wenyeji walikuwa wakikijua. Habari zake zilitoka nje ya Mbozi Oktoba 1930, mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott, kutoka Johannesburg, alipokiona kikiwa kimezikwa kwa sehemu kubwa ubavuni mwa kilima cha Marengi. Ili kionekane chote, udongo wa pembeni ulichimbwa, ikaachwa nguzo ya udongo chini ya tumbo lake, kisha nguzo ile ikajengewa saruji. Hicho ndicho kitako anachokiona mgeni leo.

Habari hiyo ya kuchimbuliwa ni muhimu kwa msomaji wa ngozi. Inatuambia kwamba kwa muda mrefu kimondo kile kiliishi maisha mawili kwa wakati mmoja: mgongo juani na mvuani, tumbo ndani ya udongo wenye unyevu. Chuma kinacholala hivyo hakizeeki sawasawa pande zote. Tena, mahali pale hakuna shimo lililochimbwa na kishindo cha kuanguka. Ama shimo lilifutwa na mmomonyoko, ama kimondo kilibingirika kutoka pale kilipotua. Vyovyote iwavyo, tunatazama kitu kilichokuwa hapa duniani muda wa kutosha kubadilishwa na dunia.

Sekunde chache za moto

Tuanze na alama za kwanza, zile za moto. Kitu kinachotoka anga za mbali huingia katika hewa yetu kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Kwa kasi ya kilomita 20 kwa sekunde, mwendo wa Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita zipatazo 820 kwa barabara, ungekwisha kwa sekunde 41. Hewa iliyo mbele ya jiwe haipati nafasi ya kupisha. Inabanwa, inapata joto kali, na uso wa jiwe unayeyuka na kupeperushwa. Lakini moto huo hudumu sekunde chache tu, na kinachoyeyuka huondoka na joto lake. Ndani jiwe hubaki baridi. Kasi inapopungua, kwenye kimo cha kilomita 20 au 30 hivi, mwanga huzimika, tabaka la mwisho lililoyeyuka huganda, na jiwe humalizia safari kama jiwe lolote lililotupwa.

Tabaka hilo ndilo ganda la myeyuko. Kwenye jiwe jipya huwa jeusi, na mara nyingi halifiki unene wa milimita moja. Afrika Mashariki tumeliona. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya angani ilinyesha Mbale, Uganda. Kipande cha gramu chache kiligonga jani la mgomba kisha kikampata mvulana kichwani bila kumjeruhi. Tarehe 16 Julai 2011 mengine yalianguka eneo la Thika, Kenya. Mawe kama hayo yakiokotwa mapema huwa na koti jeusi, na pale lilipobanduka ndani huonekana kijivu cha saruji. Chini ya lenzi, ganda huonyesha michirizi iliyotiririka kutoka mbele kwenda nyuma, midomo iliyojikunja kwenye kingo, na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, zilizopasuka ganda lilipopoa ghafla.

Alama ya pili ya moto ni vibonyeo. Mpishi akilibonyezabonyeza donge la unga wa chapati kwa kidole gumba, atapata sura ile ile: mabonde madogo yaliyopangana, yenye kingo za mviringo kati yake. Wataalamu huviita regmaglipti, navyo huchongwa na hewa ya moto inayozunguka juu ya uso unaoyeyuka. Vimondo vya chuma vilivyoanguka Sikhote-Alin, Urusi, tarehe 12 Februari 1947, vina vibonyeo vilivyo wazi hivi kwamba hutumika kufundishia hadi leo.

Alama ya tatu haionekani mpaka chuma kikatwe. Mwaka 1808, mjini Vienna, Alois von Widmanstätten aliona mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka ndani ya vimondo vya chuma. Mistari hiyo ni fuwele za aina mbili za chuma, moja yenye nikeli kidogo na nyingine yenye nikeli nyingi, zilizokua chuma kikipoa taratibu mno, kwa miaka milioni kadhaa, ndani ya kitu kikubwa cha angani. Joto la kupita hewani huivuruga mistari hiyo katika milimita chache tu za nje. Mtaalamu wa Denmark, Vagn Buchwald, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1975 kuhusu vimondo vya chuma, aliutumia ukanda huo uliochomwa kama rula. Ukiwa bado upo, kutu haijala zaidi ya milimita hizo. Ukiwa umetoweka kote, basi ngozi iliyotua na kimondo imekwisha, na chochote unachokiona juu yake kimechongwa baadaye.

Hiyo ndiyo hatua ambayo mtazamaji wa haraka huiruka. Vibonyeo vikilainika kwa kutu hupanuka na kupoteza kingo. Kutu nayo huweza kuchimba vibonyeo vyake pasipokuwa na chochote. Bonde unalolishika linaweza kuwa la anga, la ardhi, au la anga lililoongezewa na ardhi.

Mvua ilivyochimba mabakuli

Hakuna kimondo kinacholifundisha somo hili vizuri kuliko cha Willamette, kutoka jimbo la Oregon, Marekani. Kina tani 15 na nusu, karibu sawa na cha Mbozi, nacho pia kilikutwa pasipo na shimo la kishindo. Jibu la wataalamu ni kwamba kilianguka mbali, kisha kikabebwa ndani ya pande la barafu katika mafuriko makubwa ya mwisho wa enzi ya barafu, na kuachwa bondeni barafu ilipoyeyuka.

Ukikitazama huwezi kukisahau. Upande wake mmoja umejaa mashimo makubwa kama mabakuli na masufuria, mengine yametoboka hadi ng'ambo. Watoto wawili waliwahi kupigwa picha wakiwa wamekaa ndani yake. Anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani moto wa angani ndio uliokitoboa. Sivyo. Kimondo kile kina umbo la pia, na kilikutwa ncha ikiwa chini na kitako kikiwa juu. Mashimo yamo kwenye kitako, upande ulioikabili mvua. Ndani ya chuma mlikuwa na madonge ya troilaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Maji ya mvua na hewa vilipoifikia troilaiti, vilizaa tindikali hafifu ya salfa. Tindikali ikala chuma, shimo likatuama maji zaidi, maji yakala zaidi. Kwa maelfu ya miaka mvua ya Oregon ilijichimbia mabakuli yake.

Watu wa Clackamas, wenyeji wa bonde lile, walikiita Tomanowos, wakayaheshimu maji yaliyotuama katika mabakuli hayo kuwa matakatifu. Wawindaji walichovya mishale yao humo. Mwaka 1902 mlowezi aliyeitwa Ellis Hughes alikihamisha kwa siri hadi shambani kwake. Mahakama ikaamua kuwa ni mali ya kampuni iliyomiliki ardhi kilipolala, na mwaka 1906 kikaingia Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York. Mwaka 2000 makumbusho na wazao wa Clackamas walikubaliana kwamba wenyewe wakitembelee kwa ibada kila mwaka. Katika historia yote hiyo, maji yale yaliyoheshimiwa ndiyo yaliyokuwa mchongaji. Mila na kemia zilikuwa zimesimama mbele ya bakuli moja.

Willamette inatupa maswali ya kuuliza mbele ya shimo lolote. La kwanza: mashimo yako upande gani? Moto huchonga kufuatana na jinsi kitu kilivyoruka. Kutu huchonga kufuatana na jinsi kilivyolala. La pili: je, mashimo yanavikata vibonyeo? Kinachokata kimekuja baada ya kinachokatwa. La tatu: mdomo wa shimo ukoje? Troilaiti iliyoyeyuka angani huacha tundu la mviringo lenye ukingo uliopikwa, na ukanda uliochomwa huonekana hadi ndani ya tundu. Shimo la kutu halina ukanda huo; kuta zake zina maganda, na mashimo jirani huungana.

Kutu huweza pia kuchora kwa ustadi. Chuma chenye nikeli kidogo huliwa kwanza, na chenye nikeli nyingi hubaki kikiwa kimeinuka. Hivyo kwenye baadhi ya vimondo vya kale mistari ya Widmanstätten hujitokeza nje yenyewe, bila msumeno wala tindikali ya maabara. Na kutu ikishinda kabisa hubaki donge la tabaka tabaka lisilo na chuma ndani, kama yale yaliyotapakaa pembeni mwa shimo la Wolfe Creek, Australia, baadhi yake yakiwa na utando wa kijani. Kijani hicho ni nikeli iliyogeuka kuwa madini mapya ya ardhini.

Jasho la chuma

Kuna alama moja ambayo watunza makumbusho huiogopa kuliko zote. Kimondo cha chuma kilichokuwa kikavu rafuni huanza kutoa matone ya kahawia, kama jasho. Matone hukauka, ganda hupasuka, vipande hudondoka. La kuvunda halina ubani: ukipangusa, matone hurudi.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ugonjwa huu ulikuja na kimondo kutoka angani, ndani ya madini yenye klorini. Mwaka 1989 Buchwald na Mmarekani Roy Clarke walichapisha utafiti wa vimondo vya chuma vya Antaktika na kuonyesha vingine: klorini ile ni ya duniani. Chumvi hutoka kwenye udongo, kwenye maji, au kwenye upepo wa bahari, hupenya katika nyufa na kujificha ndani ya kutu, na kila unyevu unapoingia huanza kazi upya. Dunia ndiyo iliyokiambukiza, na anga ikasingiziwa.

Unga mweupe wa Ivuna

Mkoa wa Songwe, wenye kimondo cha Mbozi, una kimondo kingine kisicho na umbo la kuvutia watalii lakini kinachotajwa katika kila kitabu cha elimu ya vimondo. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe jeusi, laini na jepesi lilianguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Likaja kupatikana kuwa la kundi adimu mno, ambalo sasa linaitwa kundi la Ivuna. Ukiondoa gesi nyepesi, mchanganyiko wake wa elementi unakaribia sana ule wa jua lenyewe, na kwa hiyo wanasayansi hulitumia kundi hili kama mizani ya kupimia kila kitu kingine katika mfumo wetu wa jua.

Mawe ya kundi hili yana mishipa myeupe ya salfeti, chumvi inayofanana na jasi, na mara nyingine unga mweupe juu ya ngozi. Kwa miongo mingi mishipa hiyo ilitazamwa kama ushahidi kwamba maji ya chumvi yalitembea ndani ya mwamba mama huko angani, mabilioni ya miaka iliyopita. Ndipo mwaka 2001 Matthieu Gounelle na Michael Zolensky wakarudi kusoma maelezo ya kale ya jiwe la Orgueil, ndugu wa Ivuna, lililoanguka Ufaransa tarehe 14 Mei 1864. Waliolichunguza wakati ule lingali jipya hawakuitaja mishipa myeupe. Ilitokea baadaye, jiwe likiwa kabatini, likinyonya unyevu wa hewa na kuutoa tena, msimu baada ya msimu. Mishipa ilikuwa ya kabati.

Uthibitisho ulikuja kutoka mbali kuliko mtu yeyote wa 1864 angeweza kuota. Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudisha gramu zipatazo 5 za udongo na changarawe kutoka asteroidi Ryugu. Ulipochunguzwa ulionekana kuwa wa kundi la Ivuna, ila haukuwa na salfeti zile. Jiwe lile lile, pasipo hewa yetu, halina unga mweupe.

Antaktika nayo ina kisa chake. Jiwe liitwalo LEW 85320 lilikutwa na ukoga mweupe wa kaboneti ya magnesi. Kwa kuwa vimondo vya huko hukaa barafuni maelfu ya miaka, hata mamia ya maelfu, ilidhaniwa kwamba ukoga ulihitaji muda kama huo. Watafiti walipoipima kaboni yake waliona, mwaka 1988, kwamba ulikuwa umejijenga baada ya mwaka 1950. Jiwe la kale sana lilikuwa limevaa nguo ya juzi.

Naviweka visa hivi pamoja kwa sababu funzo lao linagusa kazi ya kila mwenye kimondo mkononi. Anayeiita chumvi ya kabatini bahari ya angani hakosei jina la madini tu. Anajenga historia nzima ya jua na sayari juu ya unyevu wa chumba.

Juu ya jangwa la Oman

Ngozi ya kimondo jangwani huzeeka kwa namna nyingine. Wasomaji wa Kiswahili walioko Muscat wako karibu na mojawapo ya viwanja bora duniani vya kusomea jambo hili. Jiddat al-Harasis, katikati ya Oman, ni tambarare ya chokaa yenye rangi nyeupe nyeupe, na jiwe jeusi huonekana kwa mbali. Tangu mwaka 2001 wataalamu wa Uswisi na Oman wamekuwa wakilichunguza jangwa hilo kwa pamoja, na vimondo vilivyokusanywa ni maelfu. Mwaka 2002 huko Sayh al Uhaymir walipata jiwe la gramu 206 lililotoka mwezini.

Jiwe la jangwani hulala nusu juu, nusu ndani ya udongo, na kila nusu hupata malezi yake. Ya juu hupigwa na mchanga unaopeperushwa na upepo. Ganda la myeyuko hung'arishwa kwanza, kisha hukonda, kisha hutoweka. Punje ngumu hubaki zimeinuka na laini huchimbika. Ya chini huvaa utando mweupe wa chokaa au wekundu wa udongo. Chembe za chuma zilizo ndani hugeuka kutu, na kwa kuwa kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma, jiwe hupasuka. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu vimondo vya Oman ulionyesha pia kwamba vinapozeeka hunyonya stronshiamu na bariamu kutoka udongoni. Mwenye kupima kemia bila kukumbuka hilo ataandika kuwa vya angani vitu vilivyotoka kwenye mchanga.

Uzee huu una kipimo. Mwaka 1993 Mjerumani Frank Wlotzka alipendekeza ngazi zinazotumika mpaka sasa, kuanzia W0 hadi W6. W0 ni jiwe ambalo chuma chake hakijaguswa na kutu. W2 ni pale ambapo kati ya asilimia 20 na 60 ya chuma imeliwa. W4 ni pale ambapo zaidi ya asilimia 95 imekwisha. W5 na W6 ni pale ambapo hata silikati zenyewe zimeanza kugeuka udongo. Kwa hiyo kutu ina matumizi yake: ikiunganishwa na umri unaopimwa kwa kaboni-14, inaeleza jiwe limelala jangwani kwa muda gani na jangwa lilikuwa na unyevu kiasi gani. Kanga iliyofifia inasimulia jua lililoififisha.

Mawe yanayofanana

Anayejifunza alama hizi hana budi kujua pia yale yanayozighushi. Jangwani, mawe ya kawaida huvaa mng'ao mweusi wa vumbi lenye manganizi na chuma, unaofanana sana na ganda la myeyuko. Dawa ni kutazama majirani. Kama mawe yote ya pale yanang'aa vivyo hivyo, mng'ao ni wa jangwa. Upepo nao huchimba vibonyeo kwenye mawe ya chokaa, na mdanganyifu huyu amewachosha wengi.

Kwetu mdanganyifu mkubwa ni mavi ya chuma. Wanyiha wa Mbozi, Wafipa waliojenga matanuru marefu yaitwayo malungu, Wahaya na Wapare walifua chuma kwa vizazi vingi, na mabaki ya kazi yao yamo mashambani hadi leo. Ni mazito, ni meusi, yana michirizi ya kuyeyuka, na mengine hunasa sumaku. Lakini yavunjike kidogo utaona matundu ya mapovu. Kimondo kwa kawaida hakina mapovu. Yapo pia mawe ya hematiti, ambayo yakisuguliwa nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa, huacha mstari mwekundu. Na madonge ya murram, ambayo uzito na rangi yake hudanganya mpaka yapasuliwe.

Hata hivyo vipimo hivi vichukuliwe kwa pamoja, hasa jiwe likiwa la kale. Kimondo kilicholiwa sana na kutu huweza kuacha mstari wa kahawia, na sumaku ikakivuta kwa unyonge kwa sababu chuma chake kimekwisha. Jiwe la W4 haliwezi kuhukumiwa kwa sheria za jiwe la jana.

Alama za mkono

Turudi Marengi, kwenye yale meno ya mwisho mmoja na pengo lenye kuta zilizonyooka. Hayo hayakufanywa na moto wala mvua. Meno ni kazi ya watu waliokata vipande vya kumbukumbu. Pengo la juu lilikatwa Desemba 1930 na Dk. D. R. Grantham wa idara ya jiolojia, ili apate sampuli. Kwa misumeno ya kawaida ya mkono ilimchukua saa 10 kupata kipande cha sentimita 10, jambo linalotueleza chuma chenye nikeli kilivyo kigumu. Kukata kwa Grantham kuliandikwa, na kwa sababu hiyo tunaweza kulisoma pengo lile bila kukosea. Meno hayakuandikwa na yeyote.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hoba, kimondo cha Namibia kilichogunduliwa mwaka 1920, ndicho pande kubwa kuliko yote duniani, tani zipatazo 60. Nacho kimepungua kwa kutu, kwa sampuli, na kwa wavunjaji. Kila kipande kinachong'olewa bila maandishi huondoka na ngozi yake, na ngozi ndiyo iliyobeba ukanda uliochomwa, mashimo, chumvi na mpangilio wa juu na chini. Anayekisugua kimondo kwa brashi ya waya ili king'ae hufanya vivyo hivyo kwa nia njema. Anafua jina la kanga.

Na hapa narudi kwenye kiganja cha mwanzo wa sura. Jasho la mtu lina chumvi, na chumvi ndiyo inayobeba ile klorini inayokifanya chuma kitoe matone. Mguso mmoja si kitu mbele ya tani 16. Lakini wageni ni wengi, na miaka ni mingi, na chuma hakina namna ya kuusahau mguso.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika Ndolezi, tafuta vibonyeo kwa macho. Zunguka uone mgongo na tumbo vinavyotofautiana. Tafuta bonde linalokata jingine. Mwonyeshe mtoto wako pengo la Grantham na umweleze saa 10 zile. Na siku utakapookota shambani jiwe zito, jeusi, lisilofanana na wenzake, usilioshe, usilivunje, usilipake mafuta. Lipige picha lilivyolala, ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Weka alama ya upande uliokuwa juu. Andika mahali na tarehe. Lifunge kwenye karatasi kavu, ulipeleke ofisi ya jiolojia au makumbusho ya taifa. Mikono yako iwe ya kwanza kulihifadhi, isiwe ya mwisho kulifuta.